HandBrake, MKVToolNix, Audacity na FFmpeg: maoni yangu kwa wanaohangaika na sauti inayoachana na picha

Wakuu, kila mtu akilalamika kwamba video yake midomo inaenda huku na sauti inaenda kule, watu wanamrushia majina tu, mmoja anasema HandBrake, mwingine anasema Audacity ndo mwisho wa maneno, mwingine anabandika komandi ndefu ya FFmpeg bila hata kuieleza, jamaa anajaribu zote anarudi palepale alafu anatangaza kwamba vitu vya bure havifai. Vinafaa sana tu. Shida ni kwamba kila programu hapo inatibu kitu chake, na ukiipa kazi ya mwenzake itaifanya vizuri kabisa na video itabaki mbovu vilevile. Mimi naediti video za watu, mahojiano, mafunzo, mikutano iliyorekodiwa kwa simu, kwa hiyo hizi nne nazifungua mara kwa mara, ngoja niziongelee kwa haki na maksi nitoe.

Ila kabla ya programu yoyote, vua hedifoni za bluetooth. Sitanii. Bluetooth inaweza kuchelewesha sauti milisekunde 100 mpaka 200 na zaidi, inategemea kodeki (njia ya kubana sauti), na programu nyingi za kuediti hazilipii huo ucheleweshaji kama zinavyofanya apu za kuangalia video kwenye simu. Mtu anasogeza sauti robo sekunde mbele kwenye taimlaini, kwake inakaa sawa kabisa, anaipeleka kwa mteja mwenye spika za waya na mteja anaona vioja. Chomeka waya, angalia tena, ukikuta kumbe ilikuwa sawa tangu mwanzo basi funga kompyuta ukapumzike.

Kama bado inapishana, fungua VLC, ile pleya ya bure ya video. Hii siipi maksi kwa sababu haikutengenezwa kurekebisha faili, lakini kama kipimo haina mpinzani. Kwenye Windows na Linux batani za J na K zinasogeza sauti milisekunde 50 kila unapobonyeza, na namba inajiandika kwenye skrini. Nenda dakika ya kwanza, tafuta mahali msemaji anatamka p au b au m, maana hapo midomo lazima ifunge, huwezi kusema "baba" mdomo wazi. Bonyeza mpaka ikae, andika namba. Alafu ruka mpaka dakika za mwisho, fanya hivohivo, andika namba ya pili. Hizo namba mbili ndo zinaamua ufungue programu gani, na asikudanganye mtu, bila hizo unabahatisha.

Namba zikilingana, mfano mwanzo 250 na mwisho 250, basi sauti imesogea tu, kazi ndogo. Namba ya mwisho ikiwa kubwa kuliko ya kwanza, na ukipima katikati unakuta kama nusu yake, hiyo ni sauti inayokimbia au kuchelewa polepole, na hapo ndo watu wanalia. Aina ya tatu ni ile inakuwa sawa dakika 20 nzima alafu ghafla paa, imeruka, na kuanzia hapo haibadiliki tena mpaka iruke nyingine. Hiyo kuna kipande cha sauti au picha kimepotea katikati, labda mtandao ulikatika wakati wa kurekodi, labda memori kadi ilishindwa kuandika kwa kasi.

Na usijitese kutafuta sifuri kamili. ITU, wale wa viwango vya mawasiliano duniani, walitoa pendekezo lao BT.1359 mwaka 1998, na humo binadamu anaanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde kama 45, lakini ikichelewa hagundui mpaka ifike kama 125. Hazilingani kwa sababu ubongo umezoea sauti kuchelewa, inasafiri mita kama 343 kwa sekunde, mtu akipiga nyundo umbali wa mita 34 unaona kwanza ndo unasikia, na pengo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sauti kuja kabla ya tendo haijawahi kutokea maishani mwako, ndo maana inaudhi haraka. Kwa hiyo ukiwa na shaka acha sauti ichelewe kidogo kuliko itangulie.

Tuje kwenye HandBrake, ambayo kwangu ndo inastahili sifa nyingi kwa sababu inatibu kile kinachosumbua watu wengi zaidi, video za simu na za kurekodi skrini. Simu hairekodi fremu 30, yaani picha mojamoja zinazounda video, kila sekunde kama inavyodai. Giza likiingia inapunguza ili kila fremu ipate mwanga wa kutosha, ikipata joto inapunguza, ikizidiwa na kazi nyingine inadondosha. Hiyo inaitwa fremu reti inayobadilika. Kila fremu kwenye faili imeandikiwa muda wake wa kuonekana, kwa hiyo ukiichezesha kwenye simu yenyewe au kwenye VLC iko sawa kabisa, tatizo linaanza ukiiingiza kwenye editor ambayo inapuuza ile mihuri ya muda na kuzipanga fremu zote kwa hatua sawa kama wanajeshi. Chukua klipu ya dakika 10 ambayo kwa wastani ilipata fremu 29.9. Ndani kuna fremu 17,940 badala ya 18,000. Editor ikizipanga 30 kila sekunde, picha zinaisha kwenye sekunde ya 598 wakati sauti ina sekunde zake 600 kamili. Sekunde mbili nzima, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Ndo maana mtu anaapa kwamba editor yake imeharibu video, na editor nayo ikiweza kuongea ingesema imeletewa hivohivo.

Kuhakikisha kama ni hilo, pakua MediaInfo, kiprogramu kidogo tu, buruta faili humo, angalia mstari wa fremu reti mode. Ikiandika Variable na chini yake ikakupa kima cha chini na cha juu vinavyopishana sana, umempata mwizi.

Sasa HandBrake inachofanya ni kuichoma video upya, yaani kuibana na kuiandika yote upya, huku ikiirudisha kwenye hatua sawa, palipopungua fremu inarudia iliyopo, palipozidi inaitupa moja, na sauti inabaki kwenye muda wake. Programu ya siku nyingi hii, ilianza 2003 na ikakaa miaka 13 ndo ikatoa toleo lake la 1.0.0 mwishoni mwa 2016, sijui kama kuna watu wenye subira kama hao. Ni ya bure, chanzo wazi, inakaa Windows, Mac na Linux.

Ila hapa sikilizeni vizuri maana ndo watu wanapopotea. Wanaingiza faili, wanachagua ile preset (mpangilio uliotayarishwa tayari) ya 1080p30 kwa sababu imeandikwa 30, wanabonyeza Start, wanasubiri, alafu video inatoka bado inaachana. Preset ile haijalazimisha chochote! Nenda kwenye kichupo cha Video, chini ya kisanduku cha fremu reti kuna viduara viwili, kimoja kimeandikwa Peak Framerate na kingine Constant Framerate. Preset za kawaida zimewashwa kwenye Peak, maana yake ni "usizidi 30" na siyo "ziwe 30". Lazima uhamishe kiduara kwa mkono kiende kwenye Constant. Na kile kisanduku chenyewe usikiache kwenye Same as source, weka namba unayoitaka mwenyewe. Kiduara kimoja tu kile ndo kinatenganisha wanaosema HandBrake ni kiboko na wanaosema ni takataka, na mimi hapo nawalaumu waliopanga dirisha, kitu kizito hivo hakitakiwi kukaa kwenye kona na herufi ndogo.

Namba yenyewe nayo ina mtego. Utaona 29.97 na 30 ziko jirani, ukadhani ni kitu kimoja. Tofauti ni asilimia 0.1, ndogo kweli, lakini kwa saa moja inafika sekunde 3.6 kama upande mmoja wa kazi yako unahesabu kwa 30 na mwingine kwa 29.97. Hiyo 29.97 ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani, walipopitisha mfumo wao 1953 walishusha kasi kidogo ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti, na mpaka leo sisi ambao hata hizo TV hatukuziona tunabeba mzigo. Ushauri wangu: angalia project yako ya kuediti imewekwa ngapi, weka hiyohiyo HandBrake, klipu zote zifanane, basi.

Ubora je? HandBrake inachoma upya kila mara, haina njia ya kukopi picha kama ilivyo, kwa hiyo kuna kinachopotea. Kwenye kipimo cha RF namba ikiwa ndogo ndo ubora unapanda na faili linanenepa, preset ya kawaida inakaa kwenye 22, mimi kwa video inayokwenda kuediti nashusha mpaka 18 kwa sababu itachomwa tena mwishoni na sitaki hasara iingie mara mbili. Sauti kama ni AAC tayari (aina ya sauti iliyobanwa), chagua ile ya passthru, iachwe kama ilivyo. Muda nao usiuchukulie poa, video ya saa moja kwenye laptop ya kawaida unaweza ukapika, ukala na ukaosha vyombo. Bahati nzuri kuna foleni, pakia zote usiku na asubuhi unazikuta.

Na kuna kitu haina kabisa, huwezi kuiambia sogeza sauti nusu sekunde. Haina hiyo setingi upande wa sauti, ya subtaito ipo ya sauti hakuna. Ndo maana mwenye tatizo la kusogea tu akitumwa HandBrake anaona kama katumwa kuchota maji kwa pakacha. Maksi 9 kwa fremu zinazobadilika, sifuri kwa kusogeza.

Kusogeza ni kazi ya MKVToolNix. Hii naipenda kwa sababu moja kubwa, haichomi kitu. Inafungua boksi, inabadilisha mihuri ya muda ya ndani, inafunga boksi, picha na sauti ziko vilevile biti kwa biti. Faili la saa mbili linachukua muda wa kulikopi tu. Buruta video humo, bofya mstari wa sauti, upande wa kulia shuka chini kidogo kuna kisanduku cha delay kwa milisekunde, andika ile namba uliyoipata VLC. Uzuri ni kwamba alama zinafanana: VLC ikisema 250 unaandika 250 na sauti inasogea nyuma, VLC ikisema -250 unaandika -250 na sauti inakuja mbele. Hakuna hesabu, hakuna kugeuza. Ukikosea hujapoteza saa nzima, unarudia tu.

Chini yake kuna kisanduku kingine cha kunyoosha, unaweka uwiano kama 1001/1000 na muda wote wa huo mstari unarefuka kwa kiasi hicho. Watu wakikiona wanafurahi wakidhani wameshapata dawa ya sauti inayokimbia polepole. Poleni. Kwa subtaito kinafanya kazi safi, yaani ukiwa na subtaito za filamu ya fremu 25 na wewe una ya fremu 24, ambayo kwa saa inaachana zaidi ya dakika mbili, hicho ndo kisanduku chake. Kwa picha pia sawa. Kwa sauti maelezo yao wenyewe yanasema kisitumike, kwa sababu kinabadilisha mihuri ya muda tu, mawimbi ya sauti hayajaguswa, sasa kila pleya inaamua kivyake ifanye nini na hilo pengo, moja itacheza sawa, nyingine itakwaruza, nyingine itapuuza kabisa. Kero nyingine, inatoa faili la MKV tu na editor kadhaa hazitaki hata kuliona. Kwa video ya kuangalia tu au kuhifadhi ni 9, kwa video inayorudi kuediti 6.

Kuna programu moja ya kulipia nisiyoitaja ambayo niliinunua kwa ajili ya batani yake ya kusawazisha yenyewe, unaweka sauti ya maiki na sauti ya kamera inazilinganisha na kuzipanga. Inapanga kweli, mwanzo. Mwisho wa mahojiano marefu bado zinaachana kama mke na mume waliochokana, maana ilichofanya ni kusogeza tu, kunyoosha haikunyoosha. Batani nyingi zinazojiita "auto" ziko hivo, kabla hujalipa uliza kama inarekebisha na kasi au inapanga mwanzo peke yake.

Hapo ndo Audacity inaingia, na hapa nitakaa kidogo maana watu wengi hawajui kwa nini sauti ya rekoda na picha ya kamera, zote zimewashwa pamoja, zote nzima, zinaachana. Kila kifaa kina saa yake ndani, kipande cha kioo kinachotetemeka, na hakuna viwili vinavyotetemeka sawasawa kabisa. Rekoda inadai inachukua sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 48,000 kwa sekunde, kumbe kwa saa ya kamera ni 48,002 hivi. Kosa la sehemu 50 kwa milioni halionekani kwenye dakika tano, ila kwa saa moja ni milisekunde 180, tayari umeshapita ile 125 ya ITU. Vifaa viwili vikikosea kila kimoja upande wake inakuwa mara mbili. Hili halina uhusiano na fremu zinazobadilika, HandBrake hata uiendeshe mara mia haitagusa.

Dawa yake ni kupiga makofi mawili mbele ya kamera wakati wa kurekodi, moja mwanzo na moja mwishoni kabisa kabla ya kuzima. Wengi wanapiga la mwanzo tu. La mwisho ndo lenye thamani. Sasa kwenye editor unapima kutoka kofi mpaka kofi upande wa picha, tuseme umepata sekunde 3,500 kamili. Fungua sauti ya rekoda kwenye Audacity, vuta karibu mpaka uone ule mwiba wa kofi umesimama peke yake, pima kutoka mwiba mpaka mwiba, umepata 3,500.35. Sauti imezidi kwa 0.35. Gawanya 3,500.35 kwa 3,500, unapata 1.0001, yaani inatakiwa ikimbie zaidi kwa asilimia 0.01. Chagua wimbi lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, siyo kati ya makofi tu, nenda kwenye efekti ya kubadilisha kasi, kwenye kisanduku cha asilimia andika 0.010, tekeleza. Ekspoti kama WAV, weka kwenye taimlaini, linganisha kofi la kwanza, kimbia mwisho uangalie la pili. Likikaa, yote ya katikati yamekaa.

Angalizo hapo, efekti ziko mbili zinazofanana, moja inabadilisha kasi pamoja na unene wa sauti, nyingine inabadilisha tempo na kuacha unene. Mtu akiona anakimbilia ya tempo kwa sababu hataki sauti ya mtu iwe nyembamba. Kwa asilimia 0.01 hakuna sikio la binadamu litakalosikia unene umebadilika, wakati ile ya tempo inakata sauti vipande vipande na kuvipishanisha, na inaweza kuacha kamwangwi ka ajabu kwenye maneno. Kwa marekebisho madogo chukua ya kasi. Ya tempo iache kwa makubwa, kama ile ya 24 kwenda 25 ambayo ni zaidi ya asilimia 4 na hapo kweli watu wanaanza kusikika kama watoto.

Na kama sauti yako imekuwa nyembamba yenyewe na inaisha mapema, usipime kitu, huenda faili la 44,100 limesomwa kama 48,000. Saa moja inageuka dakika 55 na sekunde chache. Weka sampuli reti sahihi na imeisha hiyo.

Audacity 8. Ningeipa zaidi ila haionyeshi picha, unafanya kazi kwa kuamini namba mpaka urudi kwenye editor, na kwa mtu mgeni ule msitu wa menyu unaogopesha. Pia kama hujapiga makofi inabidi utafute kitu kingine chenye kishindo, mlango kufungwa, kikombe kuwekwa mezani, au zile p na b, na usahihi unapungua.

FFmpeg nimeiweka mwisho na siyo kwamba ni dhaifu, nusu ya programu zinazouzwa zimeijenga ndani yake bila kukuambia. Ipo tangu 2000 na inafanya karibu yote hayo ya juu, ila ni ya kuandika, hakuna batani hata moja. Kusogeza sauti sehemu tatu ya kumi ya sekunde nyuma bila kuchoma chochote, na faili libaki MP4, ambayo MKVToolNix haiwezi, unaandika:

ffmpeg -i video.mp4 -itsoffset 0.3 -i video.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy mpya.mp4

Video inaingizwa mara mbili, picha inachukuliwa ya kwanza, sauti ya pili iliyocheleweshwa. Ukitaka sauti ije mbele weka -0.3. Ile -itsoffset lazima ikae kabla ya faili inalohusu, ukiibandika mwisho haifanyi kazi unayoitaka, na hilo ndo kosa naliona kila siku kwenye komandi ambazo watu wanagawiana.

Lakini sababu ya kweli ya kuwa nayo ni ile aina ya tatu, ya kuruka ghafla, ambayo hao wengine wote wanaishangaa tu. Mikutano iliyorekodiwa kwenye mtandao mbovu iko hivo, mihuri ya muda ipo sahihi ila sauti ina mashimo, na editor inazivuta pande za shimo zikagusana, kwa hiyo kila shimo linasogeza kila kitu kinachofuata. Hii hapa inajaza mashimo kwa ukimya na kukata palipozidi, picha haiguswi:

ffmpeg -i video.mp4 -c:v copy -af aresample=async=1 -c:a aac mpya.mp4

Ile 1 ina maana jaza na kata tu. Ukiweka namba kubwa kama 1000 unairuhusu na kunyoosha au kubana mpaka sampuli 1000 kwa sekunde, ambayo inasaidia ikiwa mihuri inayumba kidogokidogo badala ya kuruka. Anza na 1. Kinachokosekana hakirudi, utasikia ukimya pale neno lilipokatika, lakini kuanzia neno linalofuata mdomo na sauti viko pamoja, na mteja wa mkutano wa saa tatu anataka hicho tu. Kwa kazi hiyo nawapa 10 bila kufikiri. Kwa urafiki na mtu wa kawaida 3, na hiyo nimewahurumia.

Zile tovuti za pakia video tukurekebishie mtandaoni sijazipa nafasi. Nyingi zina kikomo cha ukubwa wa faili, zinachoma upya bila kukuambia zimetumia ubora gani, na unachopewa ni kitufe cha kusogeza mbele au nyuma, yaani kile ambacho VLC imekuonyesha kwa batani mbili bila kupandisha gigabaiti hewani. Alafu mahojiano ya mtu yamekaa kwenye seva usiyoijua.

Anayerekodi skrini kwa OBS asisubiri mpaka kuediti. Fungua setingi za juu za sauti, kila maiki ina kisanduku cha kuchelewesha kwa milisekunde, rekodi sekunde chache ukipiga makofi mbele ya kamera, pima, weka namba, na kamera ya USB ambayo kawaida inachelewa nyuma ya maiki itakaa sawa. Alafu hakikisha OBS, maiki na mfumo wa kompyuta wenyewe vyote viko kwenye 48,000. Kwenye Windows hiyo imejificha ndani ya sifa za kifaa cha sauti, kichupo cha juu zaidi, na masasisho ya draiva yana tabia ya kuirudisha ilikotoka, kwa hiyo iangalie tena kabla ya rekodi yoyote ndefu.